Saa Isiyosadiki Khabari kwa Kusikia Mara Moja

Saa ya ukutani ina tabia moja mbaya: ikikosea haioni haya. Huonyesha uwongo kwa uso ule ule iliotuonyeshea kweli, na watu wa nyumba wakaifuata. Basi huko Ulaya wako watu, vijana kwa wazee, wanaojitengenezea nyumbani saa zinazopokea wakati kwa redio, si kwa biashara bali kwa kupenda elimu. Na katika kazi yao mna jambo la kuzingatia.

Mainflingen, karibu na Frankfurt, Ujerumani, upo mtambo uitwao DCF77, unaorusha mawimbi ya kilohezi 77.5 tangu mwaka 1959. Wakati wake hutokana na saa za atomu zinazosimamiwa na PTB, taasisi ya vipimo ya nchi hiyo. Tangu mwaka 1973 mawimbi hayo huchukua saa na tarehe pia, na hufika hadi kiasi cha kilomita 2,000.

Lugha yake ni nyepesi. Kila sekunde nguvu ya mawimbi hushuka ghafula: ikishuka kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, hiyo ni sifuri, ikishuka kwa sehemu mbili, hiyo ni moja. Sekunde ya mwisho hupita bila kushuka, ijulikane kuwa dakika mpya yaingia.

Mpenda ufundi huhitaji kijiti cha feraiti kilichozungushiwa waya wa shaba, kipokezi, na kompyuta ndogo mno. Taabu yake ni majirani: televisheni au chaja ya simu hutoa makelele yanayogeuza sifuri ikawa moja. Kwa ajili hiyo, katika alama za dakika, pamoja na alama moja ya ulinzi, idadi ya moja lazima iwe shufwa. Ikitoka witiri, khabari imeharibika. Hali kadhalika alama za saa na za tarehe.

Lakini makosa mawili yakikutana husitiriana, na hesabu ikabaki shufwa. Kwa hiyo fundi mwangalifu huiagiza saa yake isisadiki dakika moja. Ikipokea saa nne na dakika 14, hungoja 15, kisha 16. Zikifuatana sawasawa, ndipo isogeze akrabu zake.

Asiye na subira huona kungoja huko ni uzito. Lakini ni afadhali saa ikae kimya dakika tatu kuliko kusema uwongo mchana kutwa.