Zege Likishaganda Halirudi Kuwa Saruji

Tangu maji ya Mto Tana yalipofurika mwishoni mwa mwaka 2023, yakarejea kwa nguvu mpya katika Aprili na Mei 2024, swali moja limekuwa likinifikia kutoka Wenje, kutoka Garsen na kutoka vijiji vya ukingoni, kila mara kwa maneno mapya lakini kwa nia ile ile: je, mtu ambaye ukuta wake wa zege umeanguka, au ambaye mifuko yake ya saruji imeloa ikagandamana, hawezi kuvitwanga vitu hivyo, kuvichekecha na kuvikanda kwa maji, akapata saruji ya kujengea tena minghairi ya kununua nyingine? Hawezi. Nimekwisha jibu hivyo hata nimechoka kusikia sauti yangu mwenyewe, na leo nataka kutaja sababu kwa bayana, ili atakayeendelea kutwanga atwange kwa hiyari yake na si kwa kutojua.

Mwenye kuuliza simlaumu. Nchi ya Tana ya chini ni tambarare iliyoumbwa na mto wenyewe, yenye mchanga na udongo wa kushiba lakini isiyo na jiwe, hata kokoto na mawe ya kujengea hayana budi kuletwa kwa lori kutoka pande za Malindi na Kilifi, na urefu wa safari hiyo wote humwangukia mnunuzi. Basi mtu aliyekwisha kulipa gharama hiyo mara moja, kisha akaiona mali yake imelala katika matope, ana haki kamili ya kutafuta namna ya kuitumia mara ya pili. Nimlaumuye ni yule fundi ajibuye kwamba inawezekana, akapokea ujira wa kutwanga, na ujira wa kuchekecha, na ujira wa kujenga, kisha akaondoka kabla ya mvua ya kwanza.

Asili ya upotovu huu ni dhana kwamba saruji ni vumbi la jiwe. Lau ingekuwa hivyo, kiwanda cha Bamburi karibu na Mombasa, ambacho kimekuwa kikitoa saruji tangu mwaka 1954, kingetosheka na kinu cha kusagia, wala kisingekuwa na haja ya tanuri ya kuchomea mawe ya chokaa pamoja na udongo mpaka joto likafika kadiri ya nyuzi 1,450 za Selsiasi. Joto hilo ndilo liungamanishalo chokaa na silika yakawa madini mapya yenye kiu kali ya maji. Na maji yakiyafikia, madini hayo huyanywa, yakageuka tabia, yakaota utando mwembamba usioonekana kwa jicho ambao huzishika punje za mchanga na vipande vya kokoto visiachane tena. Kwa hiyo zege halikauki, kama watu wengi wasemavyo, bali hunywa. Na ndiyo sababu mwashi mwema hulimwagia maji kwa muda wa siku 7 au zaidi, ilhali mwashi mvivu huliacha lipigwe na jua akidhani amelifanyia hisani. Kiu hiyo hukatwa mara moja tu. Atwangaye zege hupata unga wa kitu kilichokwisha kushiba, na hali yake ni hali ya mtu aliyesonga ugali, akauanika mpaka ukakauka, akautwanga, kisha akastaajabu kwamba hausongeki kama unga wa awali.

Hapo najua nitajibiwa kwamba fulani alijaribu, na ukuta wake ukashika. Uongo usingedumu kama usingekuwa na chembe ya kweli, na chembe yenyewe ni hii: ndani ya zege, hata lile la miaka mingi, hubaki viini vichache vya saruji ambavyo maji hayakuvifikia, navyo vikipasuliwa kwa kutwangwa hushika kidogo, kwa nguvu isiyotosha hata kubeba dirisha. Fauka ya hayo, unga wowote laini uliokandwa na kuanikwa katika jua la Garsen hugumuka, hata tope la mto, na mtazamaji asiyejua hudhani kwamba kugumuka kwa kukauka na kuganda kwa saruji ni jambo moja. Asiyenisadiki na afanye jaribio lisilohitaji maabara wala fedha. Aukande unga wake kwa maji, aufanye kidonge cha kujaa kiganja. Afanye kidonge cha pili kwa saruji mpya. Aviweke vyote kivulini chini ya gunia lililoloa kwa siku 2, kisha avitose katika ndoo ya maji na kuviacha humo. Kidonge cha saruji kitazidi kuwa kigumu ndani ya maji, na kile cha kifusi kitameguka na kuyachafua. Nyumba ya Wenje, ambayo mto huizuru bila kupiga hodi, haina budi kufuzu mtihani wa ndoo hiyo kabla ya mtihani wowote mwingine.

Wala hila hazikomi hapo, maana unga ukikataa kushika, hutafutwa dawa ya kuuamsha. Chumvi haiamshi kitu. Itakalofanya ni kuharakisha kutu ya nondo, na kutu huvimba, ikalipasua zege kutoka ndani wakati mwenye nyumba amelala mustarehe. Sukari, hata ikiwa kidogo sana, huizuia saruji mpya isishike kwa wakati wake, sembuse hiyo iliyokufa. Majivu ya jikoni huongeza wingi bila kuongeza nguvu. Na kuuchoma unga huo katika tanuri ya matofali ni kuchoma kuni bure, kwa kuwa saruji ya zamani, ili ihuishwe kwa moto, lazima kwanza itengwe na mchanga na kokoto, kisha joto lake lipimwe kwa uangalifu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walipodhihirisha mwaka 2024 kwamba jambo hilo linawezekana, walitumia tanuri ya umeme ya kuyeyushia chuma, chombo ambacho sijakiona uani kwa fundi yeyote wa Tana. Ama mfuko uliopata unyevu tu, hukumu yake ni nyepesi: mabonge yanayovunjika kwa vidole yachekechwe na kutumika kwa kazi zisizobeba uzito, na yanayodai nyundo yahesabiwe kuwa mawe.

Swali lililostahili kuulizwa ni jingine kabisa, nalo ni hili: kifusi hiki kilifungwa na nini? Ukuta wa udongo na fito, ambao siku hizi wenye fedha huuonea haya, hufungwa kwa kushikana tu bila kugeuka tabia, hata udongo wake ulioanguka unaweza kukandwa leo na kukandwa tena baada ya miaka 50, ukawa udongo ule ule. Huo ndio ukuta urejeao kweli kweli. Chokaa huja katikati: ni laini kuliko jiwe lishikwalo nayo, kwa hiyo jiwe huambuliwa likiwa zima, na ni kwa sababu hiyo wanawake wa Berlin, baada ya vita kwisha mwaka 1945, waliweza kuyasafisha matofali ya majumba yaliyobomoka na kuyapeleka yakajenge tena. Saruji kali haina muamala huo. Tofali huvunjika kabla ya kuachiliwa. Nisifahamike kuwa nimetoa ruhusa ya kuchukua mawe ya magofu ya Ungwana karibu na Kipini kwa kuwa yalijengwa kwa chokaa: magofu hayo hulindwa na sheria ya turathi ya mwaka 2006, na mwenye kuyabomoa ni mharibifu na si mwokoaji wa taka.

Sasa yafaayo, kwa ufupi. Tenganisha vitu siku ile ile ya kubomoa, kwa maana kifusi kilichochanganyika na mbao, jasi na udongo mweusi hakina thamani. Zege livunje kwa nyundo, lichekeche, utupe unga na ubakize vipande. Vitumie kwanza kuinua sakafu ipite alama ya maji ya mwaka 2024, ukivishindilia tabaka kwa tabaka, kila moja isizidi inchi 6. Kisha kwa vijia na kwa mashimo ya maji machafu. Ukitaka kuvitia katika zege la sakafu, visizidi theluthi ya kokoto yote, na uviloweshe kabla, maana hunywa maji kuliko jiwe jipya. Katika nguzo, mihimili na dari, usivitie abadan. Matofali ya kuchoma yaliyo mazima yajengee kuta za ndani, na yaliyovunjika yajazie sakafu. Nondo iliyopindwa na kunyooshwa mara kwa mara isirudi katika mhimili. Mabati yapindue upande na kuziba matundu, boriti zikague kama zina mchwa. Paa la asbesto usilivunje, usilikate wala usilizike uani, bali iarifu mamlaka ya mazingira, NEMA, kwa kuwa vumbi lake huleta saratani. Na kifusi kisitupwe mtoni. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inamtaka mwenye taka ajue zinakwenda wapi.

Mwenye kufanya hayo hatanunua kokoto ya kujazia sakafu wala hatalipa lori la kuileta, na akiba hiyo ndiyo itakayomnunulia saruji mpya ya kufungia ukuta wake.