Kabla ya kuhamia mji mdogo

Kodi ya nyumba Dar es Salaam ikimeza mshahara, wengi hutamani Makambako au Lushoto. Lakini kabla ya kufunga mizigo, baba na mama wakae waulizane.

Makambako ni njia panda ya Mbeya na Songea, na reli ya TAZARA inapita hapo; mfanyabiashara hakosi wateja. Ila Juni na Julai baridi ni kali kwa mtoto mwenye pumu. Lushoto mboga na matunda ni tele, lakini barabara ya kupanda kutoka Mombo ina kona nyingi.

Nendeni kwanza msimu wa mvua, mpange chumba, msikimbilie kununua kiwanja. Mtoto akizidiwa usiku, mjue mapema pa kumkimbiza.