Karamu ya Dinosau

Watoto wadogo hupenda sana habari za dinosau, wale wanyama wa kale. Basi, ndugu yako mdogo akikaribia siku yake ya kuzaliwa, wewe uliye mkubwa waweza kumwandalia karamu ya dinosau. Haihitaji fedha nyingi. Yahitaji akili na siku chache za matayarisho.

Kwanza, jifunze habari za mnyama mwenyewe, maana watoto watauliza maswali. Jina hili lilitungwa na Richard Owen, mtaalamu wa Uingereza, mwaka 1842, na maana yake ni mjusi wa kutisha. Lakini si wote waliokula nyama. Chagua Jirafatitani, ambaye mifupa yake ilionekana Tendaguru, kilima kilichoko bara ya Lindi, katika Tanzania. Huyu alikula majani, naye aliishi yapata miaka milioni 150 iliyopita. Wakati ule hapakuwa na mtu duniani. Kwa hiyo ukichora picha yake, usitie mtu wala nyumba.

Pili, waonyeshe ukubwa wake. Laza uwanjani kamba ya mita 22: ndio urefu wake tangu pua hata ncha ya mkia. Watoto wajipange juu yake, wakiwa wamenyosha mikono, wahesabu ni wangapi watakaoijaza. Kisha waonyeshe mnazi, maana kichwa chake kilifika mita 13 kutoka chini.

Tatu, tayarisha mchezo. Finyanga mifupa ya udongo, uianike mpaka ikauke, kisha uifukie mchangani. Kila mtoto apewe kijiti na unyoya wa kuku, achimbe polepole asivunje mfupa. Akiisha kuutoa, autie kikapuni, ajitwike, auzunguke uwanja bila kuuangusha. Mwisho wote waipange mifupa juu ya picha ya mnyama uliyoichora chini kwa majivu.

Chakula kiwe maandazi ya mviringo, nayo yaitwe mayai, kwa kuwa dinosau walitaga mayai.

Wakiisha kula, waeleze kwa nini walijitwika vikapu. Kuanzia mwaka 1909 hata 1913, nchi ilipokuwa chini ya Wajerumani, wataalamu kutoka Berlin walikuja kuchimba Tendaguru. Kazi yenyewe ilifanywa na mamia ya wenyeji, na msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani. Hapakuwa na reli wala motokaa. Wapagazi waliichukua mifupa, tani zaidi ya 200, vichwani na mabegani mpaka Lindi, ikapakiwa melini.

Mwaka 1937 Jirafatitani alisimamishwa katika jumba la makumbusho la Berlin, na hata leo wageni humwinulia macho na kustaajabu. Mifupa wanaiona, wapagazi hawawaoni. Lakini mtoto aliyejitwika kikapu chake hatawasahau.