Miombo ya Tabora na Desturi za Warina Asali

Misitu ya miombo imeuzunguka mji wa Tabora, na upande wa kusini-magharibi inaendelea hadi Mto Ugalla na Katavi. Mgeni aliyezoea misitu ya milimani, kama ya Usambara au Uluguru, huiona pori tupu: miti iliyopukutisha majani kiangazi, mbung'o na ukimya. Dhana hiyo ni ya tangu enzi za misafara. Wapelelezi Burton na Speke walipofika Kazeh, Tabora ya leo, Novemba 1857, na Livingstone alipokaa kwenye tembe la Kwihara, jirani na hapo, mwaka 1872, vituo ndivyo vilivyohesabika. Pori lilikuwa la kuvukwa tu. Lakini kwa Wanyamwezi, wenyeji wa Tabora, pori hilo lina wenyewe.

Utajiri wake ni asali. Mtundu, muba na myombo huchanua kwa zamu, na nyuki hufuata maua. Mfugaji huchonga mzinga kwenye gogo, au huchuna gome la mti, akalikunja duara na kulibana kwa vijiti. Kisha huutundika juu ya mti na kuuwekea alama yake. Alama hiyo ndiyo hati ya mali. Pori halina ukuta wala mlinzi, hivyo heshima ya alama ndiyo inayolinda jasho la mtu, na anayerina mzinga wa mwenzake huaibisha ukoo wake.

Masika yakiisha, wanaume hupiga kambi porini. Hurina giza likiingia, kwa moshi wa mwenge, maana nyuki wa huko ni wakali. Ndege aitwaye mlembe huwaongoza watu kwenye nyuki wa mwituni, na mrinaji muungwana humwachia kipande cha sega. Asali ni chakula, ni dawa, tena hutengenezewa wanzuki, pombe ya sherehe na ya kuwakumbuka wahenga. Nta huuzwa, na reli ilipofika Tabora mwaka 1912, ilipata njia nyepesi ya kwenda pwani.

Uwindaji, uyoga na mitishamba navyo vina taratibu zake.

Utemi, utawala wa jadi uliosimamia taratibu hizo, ulifutwa kisheria mwaka 1963, na pori likabaki chini ya sheria za serikali pekee. Tangu hapo mfugaji wa nyuki amelaumiwa kwamba mizinga ya magome inaua miti. Ni kweli kwamba mti uliochunwa gome pande zote hukauka, na Chuo cha Ufugaji Nyuki cha Tabora hufundisha mizinga ya mbao. Lakini anayeishi kwa maua hana faida na msitu uliokufa. Miti mingi zaidi huteketea kwenye mabani ya kukaushia tumbaku na katika mashamba mapya.

Ugalla, iliyokuwa pori la akiba, ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2019. Zamani warinaji waliingia humo kwa kibali. Sheria za hifadhi za taifa haziruhusu mavuno. Wanyama wamepata ulinzi, nao wanastahili. Lakini kijana asiyeruhusiwa kwenda kambini na baba yake hajifunzi alama, miti wala majira. Hifadhi inayotaka kudumu haina budi kuwapa warina asali nafasi, walau kandokando ya mipaka yake, kwa kuwa ndio walioitunza miombo kabla haijaandikwa kwenye ramani yoyote.