Papa wa Mkia Mrefu: Ni Watatu, Si Mmoja

Yuko papa wa bahari kuu ambaye mkia wake unakaribia kulingana kwa urefu na kiwiliwili chake. Mkia huo ndio silaha yake. Akikuta kundi la dagaa huurusha juu ya kichwa chake mfano wa mjeledi, kisha hurudi kuwala waliopigwa. Mwaka 2013 wataalamu walitangaza picha walizozipiga chini ya maji huko Ufilipino, nazo zilionyesha jambo hili wazi.

Wengi wamwonao humwita papa mmoja. Lakini elimu ya viumbe inatufundisha kwamba hao ni ukoo mzima, Alopiidae, wenye jamii moja tu iitwayo Alopias. Jina hili alilitoa Rafinesque mwaka 1810, kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya mbweha. Ndani ya jamii hiyo mna aina tatu. Alopias vulpinus alielezwa na Bonnaterre tangu mwaka 1788, naye hutambulikana kwa weupe wa tumbo unaopanda juu ya mashina ya mapezi ya kifuani. Alopias superciliosus, aliyeelezwa na Lowe, ana macho makubwa yafikayo juu ya kichwa. Wa tatu ni Alopias pelagicus, ambaye Nakamura wa Japani alimweleza mwaka 1935. Huyu weupe wake haupandi juu ya mapezi hayo.

Je, kuna faida gani kuwapambanua? Faida ni kubwa. Katika Bahari ya Hindi, pelagicus ameandikwa mara nyingi kwa jina la vulpinus. Na hesabu ikiandikwa kwa jina la mwingine, mwenyewe aweza kupungua pasi na mtu kujua. Tena papa huyu huzaa watoto wawili tu kwa mimba moja. Akivuliwa kupita kiasi, hawezi kuijaza nafasi yake upesi. Tangu mwaka 2010, kamisheni ya jodari ya Bahari ya Hindi imekataza meli zake kuwabakiza papa wa ukoo huu. Hata hivyo, mwaka 2019 pelagicus alihesabiwa miongoni mwa viumbe walio hatarini kutoweka.

Basi, vijana wetu wasiyadharau majina haya ya kigeni wakidhani ni mapambo ya vitabu. Hatuwezi kukilinda kitu tusichokipambanua na kingine.