Rekodi Saba za Sauti na Maana: Ufuo wa Kisumu Dhidi ya Dunia

Mwaka 1916 kilichapishwa kitabu cha mafunzo ya Ferdinand de Saussure, mwanaisimu Mswisi aliyefariki miaka mitatu kabla. Fundisho lake kuu lilitikisa isimu: sauti ya neno na maana yake zimekutana kwa nasibu tu. Je, ndivyo ilivyo kila mara? Tumezishindanisha sauti. Hizi hapa rekodi saba, kuanzia ya saba hadi bingwa.

7. Nasibu iliyo wazi kuliko zote

Saussure anatangulia kufunga, tena kwenye ziwa letu la Victoria. Kuna samaki mmoja mdogo wa rangi ya fedha ambaye urefu wake haufiki sentimita 10. Kisumu anaitwa omena, Mwanza ni dagaa, na upande wa Uganda ni mukene. Ziwa lina ukubwa wa kilomita za mraba 68,800, zaidi ya mara 30 ya Kaunti ya Kisumu, na samaki ni yule yule kote. Hakuna chochote mwilini mwake kinachodai sauti fulani. Bao moja kwa nasibu.

6. Neno linalofanana zaidi duniani

Katika kelele za soko la Kibuye, Kisumu, mteja asiyesikia bei hutamka silabi moja: "Eh?" Mwaka 2013, watafiti Mark Dingemanse, Francisco Torreira na Nick Enfield walilinganisha neno la kazi hiyo katika lugha 31. Karibu kila mahali lilikuwa silabi moja fupi yenye kiimbo cha kuuliza. Sababu ni mbio: asiyesikia lazima aombe kurudiwa upesi kabla mazungumzo hayajampita. Mwaka 2015 kazi hiyo ilipata tuzo ya Ig Nobel, inayotolewa kwa utafiti unaochekesha kwanza kisha ukafikirisha.

5. Jaribio sugu kuliko yote

Chora maumbo mawili, moja la mviringo laini, jingine lenye ncha kali. Lipi ni bouba, na lipi ni kiki? Mjerumani Wolfgang Köhler alianzisha mchezo huu mwaka 1929 kwa majina mengine, takete na baluba. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 uliwauliza watu 917 wa lugha 25, Kizulu kikiwemo. Watu hao wangejaza matatu 65 za abiria 14, na saba wangebaki stejini! Asilimia 72 ya majibu yalilingana: bouba ni la mviringo, kiki ni la ncha. Mdomo hujikunja kwa "bu", na pumzi hukatwa ghafla kwa "k".

4. Uchunguzi mpana kuliko wote

Mwaka 2016, Damián Blasi na wenzake walichambua orodha za maneno ya msingi kutoka lugha zaidi ya 4,000, karibu thuluthi mbili za lugha zote za dunia. Kenya ina lugha zipatazo 60 na kidogo, kwa hiyo ungehitaji Kenya zaidi ya 55 kuifikia idadi hiyo. Waligundua kwamba neno la ulimi hupenda sauti "l", na neno la udogo hupenda "i". Sikiliza ufuo wetu: Kiswahili ni *ulimi*, Dholuo ni *lep*, Kibukusu ni *lulimi*. Kitu kidogo kwa Dholuo ni *tin*, kikubwa ni *duong'*. Pua kwa kawaida hupenda "n", ila *pua* ya Waswahili na *um* ya Wajaluo zimekaidi. Huu ni mwelekeo, si sheria.

3. Ghala kubwa la tanakali

Hapa Ujapani inatisha. Kamusi moja ya mwaka 2007 imekusanya tanakali, yaani maneno yanayoiga sauti au hali, 4,500. Ukijifunza moja kila siku, utamaliza baada ya miaka 12 na miezi minne, yaani shule ya msingi na sekondari za 8-4-4 zikiunganishwa, na bado una kiporo.

Lakini Kiswahili hakikai benchi. Anguka majini, ni chubwi. Mchangani, ni tifu. Matopeni, ni tapwi. Na tanakali zetu huvuka mipaka ya sikio: giza ni totoro, weupe ni pe, usingizi ni fofofo. Hata ukimya una sauti yake. Mjapani husema *shiin*, nasi husema kimya *jii*. Bahari nzima katikati, na irabu ni ile ile!

2. Mgeuzo wa ajabu zaidi

Katika Dholuo, mlima ni *got*, milima ni *gode*: "t" imekuwa "d". Ungedhani "d" ndiyo sauti ya wingi. Subiri. Jiwe ni *kidi*, mawe ni *kite*. Mkono ni *lwedo*, mikono ni *lwete*. Sasa "d" ndiyo imekuwa "t"! Kati ya "t" na "d", hakuna iliyo sauti ya wingi peke yake; kinachohesabika ni kubadilishana nafasi. Hata neno la kuazima halikuponyoka: *kitabu* kilipoingia Dholuo, wingi wake ukawa *kitepe*.

1. Bingwa: irabu moja, kazi kubwa

Sikia majina ya Wajaluo: Otieno na Atieno, wa usiku. Onyango na Anyango, wa asubuhi. Ochieng' na Achieng', wa jua kali. Okoth na Akoth, wa mvua. Kwa kawaida "O" hutangaza mwanamume na "A" mwanamke, na kilichobaki hueleza saa au hali ya kuzaliwa. Sensa ya 2019 ilihesabu Wajaluo 5,066,966 nchini Kenya, zaidi ya mara 12 ya wakazi 397,957 wa jiji la Kisumu. Ni irabu moja tu, na imebeba kazi kubwa katika umma huo!

Hukumu

Ni sare yenye mabao mengi. Omena, *gode* na Otieno ni mapatano ya jamii. Bouba, tin na chubwi vimesukumwa na mwili wenyewe. Ila mchezaji mmoja yuko hatarini: Kisuba, lugha ya visiwa vya Rusinga na Mfangano, kinachomezwa na Dholuo. Mwenye bibi au babu anayekizungumza amuulize tanakali zake mwaka huu, aziandike na kuzirekodi kwa sauti.