Pointi kwa Tovuti Inayosomwa na Wote

Asilimia 2 ya mapato ya ndani ya kila halmashauri nchini hutengwa kwa mikopo ya watu wenye ulemavu. Tangazo la mikopo hiyo likipigwa picha na kuwekwa kwenye tovuti, programu inayomsomea asiyeona kwa sauti huenda isikute neno hata moja, na mlengwa mwenyewe akapitwa. Kwa wakazi wa Akheri, walio na Chuo cha Ualimu Patandi kinachoandaa walimu wa elimu maalumu, hili si jambo la mbali.

Ipo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, lakini sheria peke yake haimpi mtengenezaji wa tovuti ari ya kurudia kazi yake. Mjini Austin, Marekani, shirika la Knowbility limeendesha mashindano: timu hupewa mafunzo, huzitengenezea asasi tovuti, kisha majaji hupima kama watu wenye ulemavu wanaweza kuzitumia. Programu ya Lighthouse ya Google nayo hutoa alama 0 hadi 100. Aliyepata 78 leo hutamani 90 kesho.

Alama za mashine, hata hivyo, hudanganyika. Picha ikiandikiwa maelezo ya neno moja, “picha”, mashine huridhika, ilhali asiyeona hajaambulia kitu. Pointi kubwa zaidi zinastahili kutoka kwa mtumiaji: apewe simu, atafute tarehe ya mwisho ya kuomba mkopo, na dakika alizotumia zihesabiwe.